Kinu cha Bibi Kimebaki Kwao

Likawage,
Jumatatu, 4 Desemba 2023

Mpendwa Fortunata,

Nina jambo sijamwambia mtu, hata bibi. Nimeona niliandike kabla sijalizoea, maana nikilizoea nitajiambia si kitu.

Siku tunafunga mabegi bwenini nilikwambia kuna kazi inanisubiri nyumbani. Ni kwa Wabrazili wawili, Baba Anselmo na mkewe Mama Dalva. Kanisa lao ndilo limewatuma, lakini hapa hawahubiri. Wanasema kazi ndiyo ibada yao. Mama Dalva ni muuguzi. Anawafundisha watu wenye matende kuosha miguu na kuifunga, na huchuchumaa mwenyewe na beseni. Mguu wa bibi yangu ameuosha tangu masika, na sasa bibi anaweza kuvaa kandambili. Baba Anselmo ni mtu wa maabara. Kiswahili chao kinatosha kununulia nyanya tu, kwa hiyo wao husema Kiingereza na mimi natafsiri. Mimi, Fortu! Niliyekuwa naomba ruhusa ya kwenda msalani kila zamu yangu ya kusoma mbele ya darasa ikikaribia. Mwalimu aliyekuwa akiwatafsiria amehamishwa, na Kiingereza cha kidato cha nne ndicho kilichobaki kijijini.

Wiki iliyopita kulikuwa na mkutano kwenye uwanja wa ghala la korosho. Wazee kwenye mabenchi mbele, Mjomba Kibwana akiwa katikati yao, wanawake pembeni. Baba Anselmo alieleza kwamba mbu huacha wadudu wadogo sana ndani ya damu ya mtu, na wadudu hao mchana hujificha, hutoka giza likiingia. Ndiyo maana damu ya kupima inachukuliwa baada ya isha. Mpaka hapo nilifika salama.

Kisha akasema wadudu hao ndio wanaoleta matende, na kwa wanaume wanaleta mabusha, na kwamba wanaume wengi wanajificha nayo kwa aibu, na Januari watakuja madaktari wa kupasua bila malipo. Akisema hivyo, akaweka mikono yote miwili mbele yake, chini ya mkanda, kama mtu aliyepakata kibuyu.

Mbele ya mjomba wangu, Fortu! Mbele ya baba za wenzangu! Na watu walikuwa wananitazama mimi, siyo yeye. Nikasema, "Anasema damu inachukuliwa, inapelekwa Lindi, na madaktari watakuja Januari." Basi. Mikono ya Baba Anselmo ilikuwa bado ipo palepale hewani.

Mzee mmoja akauliza, "Kiasi hicho?"

Baba Anselmo hakumwelewa. Akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akaipanua mikono zaidi, kumwonyesha kwamba ya wengine huwa makubwa kuliko hapo.

Hakuna aliyeuliza tena. Tukiwa njiani akaniambia, "Umefanya vizuri. Hakuna maswali, maana yake wameelewa."

Sasa kisimani nasikia neno mumiani. Unalijua: watu wanaonyonya damu za wenzao wakaziuza. Waliokuja kupimwa walikuwa wachache, na walitobolewa kidole tu, matone. Lakini watu hawazungumzi juu ya matone. Wanazungumza juu ya kibuyu. Na usiwacheke. Zamani walikuja wengine na sindano, wakachukua damu, wakaenda zao, na hakuna aliyerudi kutuletea majibu. Hata mimi, kama nisingejua nilichokificha, ningeogopa.

Nakuandikia kwa sababu simu ni ya mjomba, na mtandao mpaka upande mlima, na kila anayepanda mlima anasikika. Suleiman wa Fuso atakuletea hii akishusha korosho. Niambie nifanye nini.

Rafiki yako,
Warda


Kitomanga,
Jumapili, 10 Desemba

Shoga yangu Warda,

Mabusha. Haya, nimeliandika na mkono haujakatika. Mabusha! Sasa liandike na wewe mara kumi kwenye kipande cha karatasi, kisha ulisome kwa sauti kwa mbuzi wa bibi yako, kisha kwa binadamu.

Nimecheka mpaka nikamwagia mteja chai, mama akanivuta sikio. Hiyo picha ya mikono! Mzungu wa watu anaonyesha lake, wazee wanapima lao.

Lakini nikaacha kucheka, na nitakwambia kwa nini. Unajua mgahawa wa mama uko barabarani, kila dereva anakula kwetu na kumwita Mama Bertha. Jana dereva wa lori la mbao, Dismas, mtu wa maneno mengi, alikuwa anakula wali na samaki, akawa anawaambia wenzake, "Likawage kuna wazungu wana friji la damu. Na hawafichi! Wamesimama mkutanoni wakaonyesha kipimo chao, kibuyu kizima kwa mtu."

Wenzake wakauliza, "Na viongozi wa kijiji wanatazama tu?"

Akasema, "Wameshakula hao."

Nikamwuliza, "Wewe umeona kwa macho yako?"

Akanitazama juu mpaka chini. "We binti, nilikuagiza pilipili."

Warda, hadithi yako imefika Kitomanga kabla ya barua yako. Imekuja imevaa nguo nyingine, lakini ni ileile. Kwa hiyo usingoje. Nenda kwa hao watu wako uwaambie, "Mkutanoni sikusema yote, niliona haya." Watakuelewa, kwani wao hawana bibi? Na kama mbele ya wanaume huwezi kabisa, mwambie bibi yako. Wanawake wazima wakikaa peke yao hakuna neno wanaloliogopa, ulishawahi kukaa nao jikoni?

Mama Bertha anakusalimu, anasema uje ule Krismasi kwetu, pilau haina dini. Matokeo ya mtihani bado, usinikumbushe.

Wako nisiyefaa,
Fortunata


Likawage,
Jumapili, 17 Desemba

Mpendwa Fortunata,

Sikuweza. Nilikwenda Jumatano nimelipanga neno mdomoni kama kidonge, nikamkuta Mama Dalva anacheka peke yake kwa furaha, nikalimeza. Furaha yake ndiyo inayonitisha. Ngoja nikueleze kwa mpangilio.

Mtoto wa Hussen amefariki. Alikuwa na homa, mvua ikajaza mto, wakachelewa kumvusha kumpeleka hospitali. Lakini alikuwa miongoni mwa waliotobolewa kidole. Hakuna aliyesema kitu kwa sauti. Mama Dalva alikwenda msibani na kilo ya sukari, amejifunga kanga vizuri kabisa. Hakuna aliyesogea kumpa nafasi mkekani. Alikaa chini, kwenye udongo, akalia kweli, na nilikuwa nyuma yake nimeshika viatu vyake kwa sababu sikujua nishike nini.

Siku ya pili yake, jirani akaenda kwao kuomba sahani yake.

Unajua kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Mama Dalva aliipenda sana desturi hiyo. Tangu wafike, watu walikuwa wanawapelekea mihogo, kunde, maandazi, na nyumba yao imejaa vyombo vya watu, maana anasubiri apate kitu kizuri cha kuweka ndani ndipo arudishe. Kwa hiyo jirani alipokuja, akamwekea sabuni mbili ndani ya sahani. Akaja mwingine kuchukua bakuli, akamwekea chumvi. Akaja wa tatu kuchukua ungo, wa nne mbuzi ya kukunia nazi, Bi Antonia mke wa mwalimu mkuu sufuria. Kila mmoja alishukuru, akaondoka. Mama Dalva akaniambia, "Unaona? Baada ya msiba wamerudi kututembelea."

Mimi nilipita njia ya kisimani nikirudi nyumbani. Sabuni zilikuwa majanini, Fortu. Zote. Chumvi imemwagwa. Watoto walikuwa wanazizunguka mbali, na mmoja alizigusa kwa kijiti.

Bibi aliwahi kunisimulia, kabla mimi sijaanza shule, kwamba alipokuwa binti, kijijini Njinjo kulikuwa na mtu aliyesingiziwa uchawi. Kabla nyumba yake haijachomwa, wanawake walikwenda kwa adabu, mmoja mmoja, kuchukua vyombo vyao. "Mtu hachomi nyumba yenye kitu cha jirani ndani," alisema. Alisema hivyo kama anavyosema mvua ikikaribia unaanua nguo.

Kuna lingine, na hili ni zito kuliko la kwanza. Wiki ile ya mkutano, Mjomba Kibwana alikwenda kwa Baba Anselmo akipitia uwani. Niliitwa nitafsiri. Aliponiona akabadilika. Akasema, "Wewe nenda kachote maji." Kulikuwa na maji tele. Nilipogeuka nilimwona ameweka mikono yake mbele, kama ile ya Baba Anselmo, na Baba Anselmo anamwambia "Januari, Januari" na kumpiga bega taratibu. Jioni Mama Dalva akaniambia, "Mjomba wako ni jasiri sana." Yeye alidhani najua. Tangu hapo najua kwa nini mjomba havai suruali, na kwa nini hukaa polepole.

Na sasa, barazani, mjomba ndiye anayesema kwa nguvu kuliko wote kwamba wale watu waondolewe. Nafikiri anaogopa Januari ikifika ataitwa jina lake. Sijui. Ni mjomba wangu, ndiye aliyenilipia shule. Siwezi hata kumtazama.

Chombo kimoja tu cha jirani kimebaki kwa Wabrazili. Ni kinu chetu.

Warda


Likawage, Jumanne 19 Desemba

Kwa binti Warda,

Ninaandika mwenyewe, pamoja na kamusi. Usicheke. Ninampa bibi yako barua hii kesho nikija kuosha mguu wake.

Wewe hukuja kazini jana na leo. Wewe ni mgonjwa? Au sisi tumekukosea? Kama tumekukosea tafadhali sema, sisi ni wazee na wakati mwingine hatuoni.

Wageni ni wengi. Mimi nafurahi, lakini sasa nyumba iko kimya. Sahani zote zimeondoka. Anselmo anasema kabati yetu ni kama ya watu waliohamia leo. Kinu cha bibi yako bado kiko hapa. Ninatafuta kitu kizuri sana cha kuweka ndani, kwa sababu yeye ni rafiki yangu wa kwanza.

Alhamisi tutachukua damu tena, baada ya isha, kwenye baraza ya nyumba yetu. Anselmo ataweka taa kubwa ili watu waone njia. Anasema watu watakuwa wengi safari hii, kwa sababu leo wanaume wengi walisimama barabarani wakitazama nyumba. Aliwapungia mkono. Mmoja alipunga.

Njoo utusaidie kutafsiri. Bila wewe sisi ni bubu.

Dalva


Kitomanga,
Jumatano, 20 Desemba

Warda,

Sina muda wa mizaha, Suleiman amewasha injini.

Dismas yule wa mbao amekula hapa leo. Amesema hapiti Likawage kesho. Nikamwuliza kwa nini, akasema ameambiwa. "Ameambiwa na nani?" Akasema, "Kula sahani yako, dada." Mimi ndiye ninayempakulia, halafu ananiambia nile sahani yangu! Lakini hakucheka.

Suleiman anaingia kwenu kesho kupakia korosho, analala, anatoka Ijumaa asubuhi, anapita barabara ya mashambani kwa sababu ya mto. Nimemwambia kutakuwa na mizigo miwili ya kuleta kwa mama Bertha. Sijamwambia mizigo gani. Ameniambia gunia likiwa na miguu nauli inapanda. Nafikiri ameelewa.

Ukiipata hii tu, waambie. Usipange maneno. Sema tu.

F.


Shambani, Likawage,
Ijumaa, 22 Desemba

Fortunata,

Naandika nimekaa juu ya gunia. Anayekupa barua hii ni Mama Dalva, ataishona ndani ya pindo la kanga yake. Kwa hiyo kama unaisoma, wamefika. Kama hawakufika, hakuna atakayeisoma, na mimi nitakuwa nimeandika kwa ajili ya nafsi yangu tu.

Jana baada ya adhuhuri bibi aliniita. "Mke mwenzangu, nenda kachukue kinu chetu."

"Bibi, wanakitumia."

"Wanatwanga nini hao? Nenda."

Nilikwenda, nikazunguka nyumba ya Bi Antonia, nikarudi mikono mitupu. Nikasema sikuwakuta. Bibi alikuwa anakausha mguu wake, ule mguu ambao Mama Dalva alikuwa ameuosha jana yake. Hakunikaripia. "Hata juzi nilipokutuma ulinidanganya hivihivi," akasema. "Basi atakwenda mjomba wako."

Hapo ndipo nilipokimbia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimekimbia mchana mbele ya watu tangu nivunje ungo.

Niliwakuta wanapanga viti barazani kwa ajili ya watu wa kupimwa. Viti, Fortu. Nikawaambia yote kwa Kiingereza kibovu, bila kupanga, kama ulivyosema. Kwamba mkutanoni niliacha neno. Kwamba watu waliona mikono tu. Kwamba sahani hazikuwa ziara.

Baba Anselmo hakunigombeza. Alitazama mikono yake miwili, akaifunga ngumi, akaiweka mifukoni. Mama Dalva ndiye aliyeuliza, "Na sabuni?" Nikamwambia sabuni ziko majanini. Akakaa kwenye kiti kimojawapo kati ya alivyovipanga. Nilitamani anipige.

Niliwaambia waondoke kwa mguu wakati huohuo. Baba Anselmo akasema wakikimbia, watu watajua ni kweli. Afadhali tuitishe mkutano, niseme lile neno. Nikamwambia mkutano umeshafanyika, sisi ndio hatukualikwa. Tulikuwa bado tunabishana alasiri ilipoadhiniwa. Baada ya swala tukawaona. Walisimama kwenye njia, kando ya ghala. Hawakupiga kelele. Hussen alikuwa mbele, mtu aliyezika mtoto wake wiki iliyopita, na sikuweza kumchukia.

Mjomba Kibwana alikuja peke yake, ameshika panga chini kama mtu anayetoka shamba. Aliingia jikoni moja kwa moja.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. Hajawahi kuacha kuniitikia. "Kinu cha mama yangu kiko wapi?"

"Kile pale. Mjomba, kosa ni langu. Mkutanoni Baba Anselmo alisema..." Nikafumba macho. "Alisema mabusha. Wadudu wa kwenye damu wanaleta mabusha. Ile mikono haikuwa kipimo cha damu, mjomba, alikuwa anaonyesha ugonjwa. Mimi niliona haya mbele yenu, nikaacha. Madaktari wa Januari ni wa kutibu hayo."

Nilipofumbua macho alikuwa anatazama mlango, siyo mimi.

"Nani mwingine anajua?"

"Wote nitawaambia, mjomba. Nikitoka hapo nje..."

"Sikuulizi hilo, Warda."

Nikaelewa alichouliza. "Hakuna," nikasema. Nilidanganya, Fortu, wewe nilikuwa nimeshakuandikia.

Akakaa juu ya kinu. Alikaa polepole, miguu mbalimbali, na kwa mara ya kwanza hakujali kwamba namwona. Nje mtu akapaza sauti, "Kibwana! Hicho kinu ni cha chuma?" Wengine wakacheka. Kicheko kile kilinitisha kuliko panga.

"Nakuja!" akajibu. Kisha akamtazama Baba Anselmo, akamwuliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Januari?"

Baba Anselmo alitafuta Kiswahili chake. "Januari hapana. Nyumba hii hapana, sisi hapana. Daktari hapana."

Mjomba akajifuta uso kwa kiganja.

"Mjomba, waambie," nikasema. "Wewe wakikusikia wataamini. Mimi ni mtoto tu."

"Niwaambie nimejuaje?"

Hilo ndilo swali langu mwenyewe tangu siku ile uwanjani. Tofauti ni kwamba mimi nina miaka kumi na minane.

Akasimama. Akasema tupitie uwani, tukate kwenye mihogo mpaka bandani kwake shambani, na wao wasitoke mpaka aje mwenyewe. "Wasichukue kitu. Vitu vikipungua, watawafuata." Mama Dalva aliomba kitambo kidogo. Nilidhani anataka picha za watoto wake zilizo ukutani. Alichukua sabuni zake za mwisho na bandeji mpya za miguu, akaziweka ndani ya kinu, akazifunika na kitambaa cha meza ya Krismasi. Hata wakati ule. Mjomba alimwangalia akifanya hivyo, na hakumzuia.

Nilipogeuka kwenye mihogo nilimwona anatoka barazani. Alikipakata kinu mbele, kwa mikono miwili, na nilimsikia akisema, "Hamna mtu. Wametoroka." Kisha tukainama, tukaenda, na moshi ukatupita juu ya vichwa. Mama Dalva hakugeuka. Baba Anselmo aligeuka. Bibi anasema aliyeingiza moto wa kwanza ni mjomba mwenyewe, na watu wamekuwa wakimpa mkono tangu jana.

Nililala nyumbani ili nionekane. Kinu kilikuwa mahali pake uwani. Bibi alikuwa ameshatoa vilivyomo. Hakuzitupa sabuni. Alikuwa anaosha mguu wake, kidole kwa kidole, kama alivyofundishwa, na hakuniuliza nilikuwa wapi.

Asubuhi mjomba alinikuta nafunga mihogo ya kuwaletea hawa. Akasema, "Kazi yako ya kuwasemea watu imekwisha. Sasa utakaa nyumbani. Barua na wewe basi." Alisema kwa upole. Nikamwitikia ndiyo, mjomba. Naye ameitikia shikamoo yangu leo, lakini amechelewa kidogo, kama anayefikiria kwanza.

Nasikia Fuso. Haya ndiyo ninayokuomba. Mwambie mama Bertha hawa ni wageni walioharibikiwa na gari. Wafikishe Lindi, waombe wamtafutie mjomba daktari popote pale, kwa jina lolote, nje ya Likawage. Baba Anselmo ameniahidi. Hiyo ndiyo njia pekee niliyoiona ya kumlipa. Na siku moja nitasimama kwenye uwanja wa ghala nilitamke lile neno, maana mtoto wa Hussen anadaiwa ukweli, na Hussen pia. Lakini la mjomba sitalitamka.

Jambo moja la mwisho. Nilipokuwa natoka, jirani yetu alipiga hodi. Amekuja kuchukua ungo wake tulioazima kwake wakati wa mavuno. Bibi akaingia ndani, akatoka na sabuni moja ya Mama Dalva, akaiweka juu ya ungo.

"Acha tu, bibi," jirani akasema. "Nitaubeba mtupu."

Fortu, haya yote nimekuandikia wewe peke yako. Ukimaliza kusoma, barua hii itie kwenye moto wa mama Bertha, uikoroge mpaka iwe majivu. Akija Dismas akauliza habari za Likawage, mletee pilipili yake. Usimwambie mtu yeyote, hata kama utasikia jina langu. Hasa ukisikia jina langu.

Warda